Mizani ya Miguu Miwili

Kila mkimbiaji aliyepata kukanyaga kiwanja cha riadha, kiwe ni kile cha Namboole kilichotandikwa sakafu ya mpira au kile cha shule ya mtaani kilichochorwa kwa chokaa juu ya nyasi, amekuwa akipinda kushoto tangu siku yake ya kwanza. Sheria ya mchezo ilikwisha kukata shauri zamani: mbio huzungukwa mkono wa kushoto ukielekea ndani, na mwenye kushindana mita 10,000 hutimiza mizunguko 25, yaani kona 50, pasiwe hata moja ya kuelekea kulia. Katika kila kona miguu yake hugawana kazi pasipo insafu, na waliopima nguvu za nyayo katika mbio za duara wamekuta ya kuwa mguu wa ndani ndio ushindwao kufikia kilele cha nguvu zake, hata mwendo wote wa mtu ukapunguka kwa ajili ya upande mmoja. Basi inapokuja dhana, ambayo siku hizi imeenea kwa makocha na matabibu, kwamba mwanariadha mahiri ni yule ambaye miguu yake miwili hulingana kama sahani za mizani ya sonara, na kwamba tofauti yoyote baina yao ni dalili ya maradhi yajayo, mtu mwenye kufikiri hana budi kuuliza mizani hiyo hupima nini, na ni nani aliyehukumu ya kwamba sahani zake zapasa kulala sawa.

Mfano ulio bora hauna haja ya kutafutwa mbali na Kampala, maana jina la mwenyewe limeandikwa juu ya kibao cha barabara pale Nakasero. John Akii-Bua, askari polisi, mzaliwa wa Lango, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi huko Munich tarehe 2 Septemba 1972; njia ambayo wakimbiaji wa viunzi huichukia kwa kuwa kona yake ni kali kuliko zote. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuukimbia umbali huo chini ya sekunde 48, na nyuma yake Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, bingwa wa michezo iliyotangulia, wakaachana kwa sehemu moja ya mia ya sekunde: 48.51 na 48.52. Tufanye hesabu ndogo. Wastani wa mwendo wake ulikuwa kiasi cha mita 8.4 kwa sekunde. Katika kiwanja cha vipimo vya kawaida vya leo, ambacho nusukipenyo cha kona yake ni mita 36.5, mwenye mwendo huo katika njia ya kwanza hupaswa kujisukuma kuelekea ndani kwa nguvu ikaribiayo moja ya tano ya uzito wake. Katika njia ya nane, ambako kona imepanuka, nguvu hiyo haifiki moja ya sita. Tofauti hiyo, ambayo mtazamaji aliyeketi jukwaani haioni, hulipwa yote na nyonga, magoti na vifundo, na hulipwa kwa miguu miwili isiyotozwa sawa.

Juu ya kodi ya kona kuna kodi ya viunzi. Ni kumi, kimo chake sentimita 91.4, na baina ya kimoja na kingine mna mita 35. Akimbiaye kwa hatua 13 au 15 baina ya viunzi hutanguliza mguu ule ule daima, na akimbiaye kwa hatua 14 hubadili mguu kila kiunzi. Na katika kona kuna faida kuutanguliza wa kushoto, kwa kuwa humwezesha mtu kukaa karibu na mstari wa ndani asiingie makosani. Kocha wa Akii-Bua, Mwingereza Malcolm Arnold, aliyefika Uganda mwaka 1968, alimkimbiza akiwa amevaa kizibao chenye uzito, na akamrusha juu ya viunzi vilivyozidi kimo cha mashindano. Hakuwa na chombo cha kumpimia msuli mmoja mmoja, ila alikuwa na saa, na macho, na subira. Vivyo hivyo Peruth Chemutai, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, huko Tokyo mwaka 2021, hukabili katika mita 3,000 vizuizi 28 na dimbwi la maji mara saba. Na atakayehesabu ni mara ngapi katika mwaka wa mazoezi mruka maji hukanyaga juu ya boriti kwa mguu aliouzoea, hatashangaa kuona paja moja limekuwa na tabia yake na jingine yake. Ayub Kalule, bondia wetu aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979, alisimama ulingoni kwa mkao wa wenye kutumia mkono wa kushoto. Nani angalimwambia ajisawazishe? Kutolingana kwa namna hii ni alama iachwayo na kazi, kama sugu katika kiganja cha mvuta makasia.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani ya kuwa nadharau vipimo, maana mkate wangu watoka humo. Kuna chombo kimoja ambacho natamani kila hospitali kubwa ya mji huu ingekuwa nacho, ijapokuwa bei yake si ya kutajwa mbele ya mtunza hazina wa chama cha michezo. Kilibuniwa Slovenia, katika Chuo Kikuu cha Ljubljana, na Vojko Valenčič na wenzake, watu wa uhandisi wa umeme, na kazi yake huitwa tensiomiografia. Mwanariadha hulazwa chali, goti limeegemezwa juu ya mto wa pembe tatu. Mpimaji humwambia akaze paja mara moja, hupapasa mahali ambapo tumbo la msuli limeinuka zaidi, hutia alama ya wino juu ya ngozi, kisha humwambia alegee kabisa. Juu ya alama ile hushushwa ncha ya kijiti chenye springi, wima kama sindano ya cherehani, na pande zake mbili, juu na chini, hubandikwa vipande viwili vya nata vipitishavyo umeme. Pigo hutoka moja tu, lenye kudumu sehemu ya elfu ya sekunde. Paja huruka bila ya mwenyewe kutaka, kama la mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kijiti huinuliwa milimita chache. Na katika kioo cha kompyuta hujichora kilima, chenye mpando mkali, kilele, na mteremko wa taratibu. Hungojwa kitambo ili msuli upumzike, umeme huongezwa kidogo, pigo hurudiwa, mpaka kilima kikatae kukua tena.

Kilima hicho husomwa kwa namna mbili. Kimo chake, kwa milimita, huonyesha kadiri tumbo la msuli lilivyovimba, na aghalabu hufasiriwa kuwa msuli mkavu na mgumu huvimba kidogo, na ule uliolegea huvimba sana. Muda wake husomwa vipande vipande: kutoka pigo hadi msuli kuanza kuamka, kutoka sehemu ya kumi ya kimo hadi sehemu tisa za kumi, ndio muda wa kukaza, na kutoka kilele kushuka, ndio muda wa kulegea. Kwa misuli mingi ya mguu muda wa kukaza huwa baina ya milisekunde 20 na 40, na msomaji akitaka kulijua jambo hili kwa mfano, akumbuke ya kuwa kupepesa jicho mara moja huchukua zaidi ya milisekunde 100. Fikra yenyewe si changa. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, kwa mguu wa chura na umeme kidogo, alipima mwendo wa habari katika neva kwa kungoja msuli uruke. Na tangu hapo wataalamu hawakuacha kuubisha hodi msuli na kusikiliza ujibuvyo.

Fadhila ya kipimo hiki ni kwamba nia ya mtu haimo. Mwenye uvivu hawezi kujificha, wala mwenye tamaa ya kurudi uwanjani hawezi kujitutumua, kwa sababu msuli hujibu wenyewe. Tena, mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya wataalamu waliolinganisha nyakati hizi na vipande vidogo vya nyama vilivyochukuliwa katika msuli wa ubavu wa paja, wakakuta ya kwamba nyakati hizo hufuatana vyema na wingi wa nyuzi za kazi ya polepole, zile zimfaazo mkimbiaji wa masafa kuliko mwenye kuchomoka mita 100. Kujua hivyo pasipo kumkata mtu nyama ni neema. Lakini fadhila hiyo hiyo ndiyo kasoro yake, maana hakuna mtu ashindanaye akiwa amelala chali. Mbioni msuli haukazi peke yake; hukaza ukivutwa na mwenzake, ukibeba uzito wa mwili, ukisaidiwa na kano ambazo hurudisha nguvu kama mpira wa manati, na ukiamriwa na ubongo ambao waweza kuwa na hofu. Kwa hiyo yule aliyepewa kilima cha paja lake akaambiwa kuwa hicho ndicho mwendo wake, ameuziwa kitu kisichomo kikapuni.

Sasa tufike kwenye ulinganifu. Programu ya chombo hiki huchukua nyakati za mguu wa kushoto na za wa kulia, pamoja na vimo, huzigawanya moja kwa nyingine, iliyo ndogo juu ya iliyo kubwa, huzichanganya kwa uzito ulioamuliwa na watengenezaji, kisha hutoa nambari moja kwa mia. Na desturi imekuwa kuhesabu 80 na zaidi kuwa salama. Katika vipimo vingine, vya kuruka na vya kusukuma, desturi hupandisha mpaka kuwa 85 au 90. Nambari hizi hupokewa kama hukumu ya kadhi, ilhali ni makubaliano ya watu tu. Kijiti kikisogea upande kidogo, kimo cha kilima hubadilika; jana mtu alikimbia vilima vya Kololo na leo amelala, jibu hubadilika; chumba kikiwa baridi, hubadilika. Ikiwa kipimo chenyewe kikirudiwa asubuhi ile ile hutofautiana kwa sehemu tano katika mia, basi tofauti ya sehemu nne baina ya miguu ni uvumi, si habari. Na la ajabu zaidi, mwanariadha mmoja aweza kuwa wa kulia katika kuruka, wa kushoto katika kusukuma, na sawasawa katika kilima cha umeme. Ukimwuliza mguu wake hodari ni upi, jibu la kweli ni kuuliza kwanza, hodari kwa kazi gani?

Hayo yote ni makosa ya wazi, ambayo mpimaji mwangalifu hujikinga nayo. Lakini liko kosa moja la siri zaidi, nami nililifanya mwenyewe. Nilikuwa nikimtazama kijana mmoja wa viunzi, askari, aliyechanika msuli wa nyuma ya paja la kushoto. Chombo cha Ljubljana hatukuwa nacho; tulikuwa na nyasi za uwanja wa Lugogo, utepe wa fundi seremala, na kipimo kikongwe cha kuruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, mahali pa kisigino pakitiwa alama kwa chaki. Siku ya kwanza ya kumpima mguu wa kulia uliruka mita 6.40 na wa kushoto mita 5.90, ndio kusema wa kushoto ulikuwa na 92 katika mia ya mwenzake. Nikampa mazoezi, na kwa kuwa alikuwa na shughuli za kikosi, wiki kumi zikapita kabla hatujaonana tena. Aliporudi tulipima, nikagawanya, nikapata 99. Niliiandika nambari ile kwa wino mzito na kuipigia mstari chini yake.

“Mzee,” akasema kijana, “kwa hiyo nirudi viunzini?”

“Miguu imelingana, mwanangu. Kwa nini usirudi?”

Akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjika, akafungua ukurasa wa zamani, akaweka kidole. “Naona la kushoto limebaki pale pale, mita 5.90. Hili la kulia ndilo limeshuka. Leo ni 5.95.”

Nilitazama, nikaona haya. Mguu uliokuwa mgonjwa haukupona hata kidogo. Uliokuwa mzima ndio ulioufuata ugonjwani, kwa kupumzishwa, mpaka wakalingana katika udhaifu. Mimi nilikuwa nimeweka uwiano peke yake, na uwiano hausimulii ni nani aliyepanda na ni nani aliyeshuka. Maskini wawili walio sawa hufanya sehemu mia katika mia kama matajiri wawili. Kijana asiyejua kugawanya kwa asilimia alikuwa ameweka masafa yenyewe, kwa tarehe, na kwa hiyo alijua zaidi yangu. Tangu siku ile nimekuwa nikisema, na matabibu wa majeraha ya goti mahali pengi duniani wamekwisha kulisema vilevile, ya kwamba mguu mzima si shahidi mwaminifu wa mguu mgonjwa, kwa sababu wote wawili hulala kitanda kimoja.

Wakazi wa mji huu walipata kuliona jambo la jamii hiyo kwa macho yao. Tarehe 26 Machi 2017, katika uwanja wa Kololo, Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mbio za nyika za dunia, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliingia mzunguko wa mwisho akiongoza kwa sekunde zipatazo 12, watu wake wakipiga vigelegele pande zote. Na mbele ya macho yao miguu ikamkatalia, akawa ayumba kama aliyepigwa na jua baharini, akapitwa na mmoja, na wa pili, na kundi zima, akamaliza akiwa wa 30, na ushindi ukaenda kwa Geoffrey Kamworor wa Kenya. Naomba msomaji aliangalie tukio hilo kwa jicho la mpimaji. Lau ingewezekana kumlaza chali dakika ile na kuyauliza mapaja yake, huenda yangejibu kwa sauti moja: kushoto amechoka, na kulia amechoka vilevile. Uchovu mkubwa hausumbuki na pande. Nambari ya ulinganifu ingeweza kuwa nzuri kabisa saa ile ile ambayo mwenye miguu hawezi kusimama. Cha kutisha kingeonekana tu kwa kuyalinganisha mapaja yale na yalivyokuwa wiki iliyotangulia, kama kungekuwako wiki iliyoandikwa.

Na yaliyofuata yalitokana na mtu kushindana na jana yake. Miaka miwili baadaye Cheptegei alitwaa ubingwa ule ule wa nyika huko Aarhus. Mwaka 2020 aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko Monaco, dakika 12 na sekunde 35.36, na baada ya wiki chache ile ya mita 10,000 huko Valencia, dakika 26 na sekunde 11.00. Atazamaye mwendo huo wa miaka mitatu haoni nambari moja iliyohukumu, bali mfululizo, ambao kila siku mbaya ndani yake ina maana kwa sababu ya siku njema zilizoizunguka.

Kwa hiyo nikiulizwa na viongozi wa michezo, kama niulizwavyo mara kwa mara, ni chombo gani kinunuliwe kwanza, jibu langu huwavunja moyo. Chombo cha Slovenia kinunuliwe, kama fedha ipo, na mtu mmoja afundishwe kukitumia, naye awe ni yule yule mwaka hadi mwaka, kwa maana mikono miwili haishiki kijiti sawa. Lakini kabla yake kiwekwe kitabu. Mwanariadha apimwe akiwa mzima, katika wiki zisizo na mashindano, saa ile ile ya siku, kabla ya mazoezi na si baada yake. Apimwe zaidi ya mara moja, ili ijulikane hubadilika kwa kiasi gani hali hana neno. Na ziandikwe thamani za kila mguu peke yake, kwa mita na kwa milisekunde, ndipo uwiano uandikwe pembeni, kwa kalamu ya risasi. Mtu wa viunzi asilinganishwe na wa marathoni, wala wa kushoto asilazimishwe kuwa wa kulia. Ikiwa paja la mruka viunzi limetofautiana na mwenzake miaka minne pasipo maumivu, tofauti hiyo ni sura yake, iachwe. Ikiwa jana hawakutofautiana na leo wametofautiana, au jana wote walikuwa juu na leo wote wako chini, hapo pana jambo, na kocha aitwe kabla ya tabibu. Lawama nyingi tulizomtupia umaskini wetu zingepungua tukikiri ya kuwa utepe na daftari vilikuwapo siku zote, na kilichokosekana ni mtu wa kuandika tarehe.

Kijana wangu wa viunzi alirudi Lugogo baada ya miezi minne mingine, akiwa amefanya kazi kwa miguu yote miwili kama nilivyopaswa kumwambia tangu awali. Tulitandika utepe juu ya nyasi zilizokuwa bado na umande. Wa kulia uliruka mita 6.50, wa kushoto mita 6.15. Aliandika mwenyewe, polepole, kisha akanisukumia daftari nigawanye, na nikapata 95, ambayo ni chini ya ile 99 niliyoipigia mstari. Nilimruhusu siku hiyo hiyo kurudi viunzini.